Mchoraji wa Kanuni: Ushauri kwa Kijana wa Bwaise

Kijana akaaye Bwaise, katika bonde lile la kaskazini ya Kampala ambalo zamani lilikuwa kinamasi na ambalo hata leo maji ya mvua hurudi kulidai kila masika, akitaka kuwa mchoraji hukabiliwa na suala la gharama kabla ya suala la kipaji. Maana rangi za mafuta, turubai na brashi ni bidhaa za watu wenye akiba, na chumba kimoja cha kupanga, ambamo watu watano hulala, hakina pembe ya kuegemeza mchoro ukauke. Ipo, hata hivyo, sanaa isiyodai turubai wala rangi, nayo ni ile ambayo mchoraji hachori umbo lenyewe bali hutunga kanuni, akaikabidhi kwa mashine au kwa mkono wake mwenyewe, na umbo likazaliwa kwa kutiiwa kanuni hiyo mara elfu au mara milioni. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya yule atakaye kuijaribu akiwa na simu ya mkononi, daftari, na pengine televisheni kuukuu. Hayamtaki msomaji awe hodari wa hesabu, kwa kuwa hesabu inayohitajiwa mwanzoni ni kugawa kwa mbili na kuzijua digrii za duara.

Ushauri wangu wa kwanza utaonekana kinyume cha mambo: simu na ikae mfukoni kwa siku za mwanzo. Vera Molnár, bibi aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 akaishi Paris hadi kufa kwake mwaka 2023, naye ni mmoja wa waasisi wa sanaa hii, alianza mwaka 1959 kuchora kwa kile alichokiita mashine ya kufikirika, yaani alijiwekea masharti, kisha akayatii kwa mkono hatua baada ya hatua kana kwamba yeye ndiye mtambo. Kompyuta hakuipata mpaka mwaka 1968, tena ilikuwa kompyuta isiyo na kioo cha kutazamia, ambayo mtu aliipelekea amri zake kwa kadi zilizotobolewa matundu akangoja kuona karatasi itatoka na nini. Naamini kwamba miaka ile ya mkono mtupu haikuwa hasara kwake, kwani anayeitii kanuni kwa kalamu hutambua upesi kama kanuni ile ina uhai au ni maiti, ilhali mwenye mashine huweza kupewa maelfu ya michoro mfu kwa dakika moja asijue.

Basi chukua karatasi na dadu la ludo, ambalo Bwaise halikosekani. Tia nukta tatu zilizo mbalimbali ziwe ncha za pembetatu, na kila ncha uipe namba mbili za dadu: ya kwanza moja na mbili, ya pili tatu na nne, ya tatu tano na sita. Tia nukta nyingine popote upendapo. Rusha dadu, tazama ni ncha gani iliyotajwa, pima nusu ya masafa baina ya nukta uliyopo na ncha hiyo, tia nukta mpya katikati, kisha urushe tena ukianzia hapo ulipofika. Nukta chache za mwanzo zifute, kwa kuwa bado hazijaingia katika njia. Ukivumilia hadi nukta mia mbili au tatu, utaona jambo ambalo dadu halikuambiwa: katikati ya pembetatu pamebaki tundu lisiloingiwa na nukta hata moja, na kila pembetatu ndogo iliyozunguka tundu hilo ina tundu lake, na ndani ya hizo zimo nyingine, hadi kalamu ishindwe na udogo. Umbo hilo lilielezwa na Wacław Sierpiński wa Poland mwaka 1915. Bahati nasibu haikuliharibu, kwa sababu bahati iliamua tu nukta ipi itangulie na ipi ifuate, ama mahali pa kukaa nukta palikwisha amuliwa na kanuni. Ukiifahamu tofauti hiyo umeifahamu nusu ya kazi hii.

Baada ya hapo tembea mtaani ukitazama, maana Bwaise imejaa watu wanaochora kwa kanuni bila kupewa jina hilo. Fundi wa kuchomelea akunjaye nondo za geti huwa na kipimo kimoja cha pete, naye hukigeuza kulia, kushoto, juu na chini mpaka geti zima limejaa. Fundi seremala hufanya vivyo kwa kichwa cha kitanda. Magharibi, kwenye kilima cha Kasubi, jumba la makaburi ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, lina pete 52 ndani ya paa, kwa idadi ya koo za Buganda, na lilipoungua tarehe 16 Machi 2010 walioijua hesabu ile waliweza kulisimamisha tena. Lakini mwalimu aliye bora kuliko wote, kwa rai yangu, ni mama asukaye mkeka. Mtazame akipitisha ukindu juu ya mbili na chini ya mbili, na katika kila safu akisogea hatua moja: mkononi mwake hamna mchoro wowote, ila mshazari unapanda wenyewe kutoka ukingo hadi ukingo, na siku apendapo kugeuza mwelekeo wa hatua katikati ya safari mshazari huvunjika ukawa mgongo wa samaki. Paulus Gerdes, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi yake Msumbiji, aliandika vitabu juu ya elimu iliyomo ndani ya vikapu na mikeka, na Mmarekani Ron Eglash alichapa mwaka 1999 kitabu kizima kuhusu maumbo ya Kiafrika yanayojirudia ndani ya nafsi zao. Nawataja wawili hao ili usije ukadhani kwamba unaagiza sanaa ngeni kutoka ng'ambo.

Nina neno la hadhari hapa. Wako wachoraji wanaopiga picha mkeka, wakaibandika picha ile juu ya kioo, wakaiita sanaa ya kidijitali ya Kiafrika. Hiyo ni nakala, nayo hufa pale pale ilipobandikwa. Chukua kanuni ya mkeka, usichukue sura yake. Kanuni ya ule mkeka wa mshazari ni hii: jumlisha namba ya safu na namba ya uzi, gawa kwa nne, tazama kinachobaki, kikiwa sifuri au moja tia weusi, kikiwa mbili au tatu acha weupe. Sasa una kitu cha kuchezea. Badala ya kujumlisha namba zenyewe, zidisha kila moja kwa nafsi yake kwanza, kisha jumlisha, gawa kwa mia moja, na utie weusi pale ambapo kinachobaki hakifiki hamsini. Mishazari yote hutoweka, na mahali pake huchomoza miduara iliyojipanga safu kwa safu, ikijirudia kila baada ya nukta hamsini, na baina ya miduara hiyo huwa na vivuli vya maumbo mengine ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama msusi hakuisuka nakshi hiyo, lakini akiiona ataitambua kuwa ni jamaa yake.

Hapo ndipo simu hutolewa mfukoni. Zana nipendekezayo ni p5.js, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy mwaka 2013 juu ya msingi wa zana ya Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza mwaka 2001. Ni ya bure, hufanya kazi ndani ya kivinjari cha kawaida, na ukishaipakua mara moja huhitaji bando tena. Mwenye simu huandika amri zake katika programu yoyote ya kuandikia maandishi, akazihifadhi, akazifungua kwa kivinjari. Kuandika amri kwa kidole gumba ni mateso, sikufichi, na mwenye uwezo wa kuazima kibodi na aazime. Jambo la kuangalia ni kiasi cha kazi unachoitwisha simu. Ukitaka, mathalani, lile umbo la Mandelbrot lililoanza kuonekana katika vioo vya kompyuta karibu na mwaka 1980, ambalo kanuni yake ni kuzidisha namba kwa nafsi yake, kuiongeza namba nyingine isiyobadilika na kurudia, basi uwanja wa nukta 400 kwa 400 una nukta 160,000, na kila nukta ikirudiwa mara 100 umeagiza hatua milioni kumi na sita kwa picha moja. Simu ya bei nafuu itaziweza, ila itapata moto na chaji itashuka, na pale ambapo tokeni za umeme wa Yaka zimekwisha na mwenye nyumba hajanunua nyingine, chaji ni mali. Jaribu katika uwanja mdogo kwanza, na uwanja mkubwa uuache kwa ajili ya mchoro uliokwisha kuuchagua.

Sasa nafika penye utamu wenyewe, yaani mrejesho wa picha. Mwaka 2015 matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Kampala, na tangu hapo televisheni zile nene za zamani zimekuwa zikirundikana kwa mafundi, aghalabu zikiwa nzima ila hazina mteja. Ukiipata moja, pamoja na kamera ya video ya zamani yenye waya wa rangi ya manjano uingiao nyuma ya televisheni, umepata ala isiyopungua kinanda kwa wingi wa sauti. Elekeza kamera kwenye kioo cha televisheni ambayo inaonyesha kile kinachoonwa na kamera. Kamera huiona picha, huipeleka kiooni, huiona tena pale kiooni ikiwa imebadilika kidogo, huipeleka tena. Na hayo hutendeka mara ishirini na tano au thelathini kwa sekunde, hata mabadiliko madogo yasiyoonekana na jicho katika zamu moja yanakuwa makubwa baada ya zamu mia. Steina na Woody Vasulka waliifanya njia hii kuwa sanaa huko New York katika miaka ya 1970, na mwanafizikia James Crutchfield akaichunguza kwa vipimo katika utafiti aliouchapisha mwaka 1984. Wewe waweza kuichunguza katika chumba cha mabati, mradi iwe usiku, kwa sababu mchana matundu ya mabati huingiza miale inayovuruga kila kitu.

Ala hii ina mishikio mitatu, nayo ni masafa, mzunguko na mwanga. Kamera ikiwa mbali hata kioo kionekane kidogo ndani ya picha, utaona njia ndefu ya vioo vinavyokimbilia ndani, na jambo hilo huchosha upesi. Ukiisogeza karibu hata picha ifurike nje ya kingo, kila doa litavimba, litakimbilia kando na kutoweka. Kazi iko mpakani baina ya hali hizo mbili, mahali pembamba mno, ambapo kusogeza kamera kwa upana wa kucha hubadili tabia ya picha nzima. Ukiwa mpakani hapo, pindua kamera ubavu polepole. Njia iliyonyooka itageuka kuwa parafujo, na ukifika digrii 72, ambazo ni moja ya tano ya duara, utapata ua la mikono mitano. Digrii 60 zitakupa mikono sita. Kisha ushike mwanga: ukiwa hafifu kila kitu kitakufa giza, ukizidi kioo chote kitakuwa cheupe kama chokaa, na baina ya kifo hicho na hicho picha hupumua yenyewe, ikizaa na kumeza. Iwapo imelala, pitisha tochi mara moja mbele ya kioo, uiondoe; mwanga ule uliokwisha kuondoka utaendelea kuzunguka ndani kwa muda mrefu, na umbo litakalokuwa ni jibu la ala wala si picha ya tochi.

Asiye na televisheni asihuzunike. Katika p5.js waamuru uwanja ujinakili juu yake wenyewe, nakala ikiwa imepunguzwa kuwa asilimia 98 ya ukubwa wake na kuzungushwa digrii mbili, kisha utie nukta moja mpya ya rangi, na hayo yarudiwe bila kikomo. Baada ya mizunguko 34 hivi kila umbo huwa nusu ya lilivyokuwa na limekwisha geuka digrii 68, na nukta zako zimekuwa kombe la konokono. Kasoro utakayoiona ni ukungu, kwa kuwa kila nakala huchanganya nukta jirani kidogo. Wengi huifukuza kasoro hiyo. Mimi nashauri uifanye mtumishi, uutie ukungu kwa makusudi kisha uikaze picha tena katika kila zamu, na ukipata kadiri iliyo sawa utaona ukungu ukijikata kuwa michirizi na mabaka kama ngozi ya punda milia na chui. Alan Turing alieleza mwaka 1952 jinsi vitu viwili vinavyosambaa kwa kasi tofauti, kimoja kikichochea na kingine kikizuia, viwezavyo kuleta mabaka kama hayo, na hicho ndicho unachokiiga kwa ukungu na ukali.

Kabla sijaendelea, mambo ya usalama yasipuuzwe. Picha zinazomemeteka haraka huweza kumwangusha mwenye kifafa, hata yule asiyejua kuwa anacho. Tarehe 16 Desemba 1997 katuni moja iliyorushwa Japani iliwapeleka mamia ya watoto hospitali kwa mmeto wa nyekundu na buluu. Mmeto wako usizidi mara tatu kwa sekunde, na ukionyesha kazi mbele ya watu waambie mapema. Televisheni nene usiifungue mgongo hata ikiwa imezimwa, kwani ndani hubaki umeme wa maelfu ya volti. Hiyo ni kazi ya fundi. Tena kwa kuwa hapa ni Bwaise, soketi na waya zote ziwe juu ya meza, na mawingu yakitanda upande wa kinamasi cha Lubigi chomoa kila kitu kabla maji hayajavuka kizingiti.

Kijana aliyepata ala hii husahau usingizi, naye hubadili kila mshikio kwa pamoja, akapata kitu kizuri, akakipoteza, asijue alikipataje. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uliandike katika daftari: pembe ngapi, asilimia ngapi, rangi gani. Katika programu bahati nasibu huanza na namba moja iitwayo mbegu, na mbegu ile ile huleta bahati ile ile. Basi usikubali kamwe simu ijichagulie mbegu kimya kimya, itaje mwenyewe, na uiandike katika jina la faili. Faida ya kufanya hivyo utaiona ukimkumbuka Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa Wakaliga, mtaa mwingine wa Kampala usio wa matajiri, ambaye kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutokana na vipuri alitoa mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotazamwa duniani kote. Filamu ile imebaki na sauti ya msimulizi juu yake, ama nakala ya kwanza isiyo na msimulizi imepotea. Filamu ni kitu kizito kukitunza. Mchoro wako ni mistari thelathini ya amri na mbegu moja, vitu vinavyoenea katika ukurasa wa daftari, na hata simu ikiibwa kwenye teksi mchoro haujaibwa, maadamu daftari liko nyumbani.

Juu ya kuchagua nitasema kwa ukali kidogo. Mashine haichoki, kwa hiyo haina haya. Itakupa michoro mia na kila mmoja utang'ara, na mng'aro huo huwapumbaza watu. Aghalabu katika mia hufaa mmoja, na katika siku nyingine haufai hata huo. Usichague usiku ule ule. Chapa midogo midogo kumi na miwili katika karatasi moja, ibandike ukutani, na baada ya wiki ondoa ile ambayo macho yako yamekwisha kuizoea. Mchoro wa hesabu hufa kwa sababu mbili: ama umenyooka mno, na jicho likishajua kanuni huondoka zake, ama umevurugika mno, na jicho halipati pa kushika. Molnár alikuwa na dawa yake, asilimia moja ya fujo: uwanja wa miraba iliyopangwa sawasawa, na humo michache tu ikasogezwa kidogo kutoka mahali pake. Anza na hiyo moja, uongeze nusu nusu, na pale utakapoanza kujiuliza kama imezidi, rudi nyuma hatua moja.

Ukishapata kazi iliyokusimama moyoni, itafutie mwili nje ya kioo. Barabara ya Nasser, mjini, ni mtaa wa wapiga chapa, na hapo karatasi ya ukubwa wa A3 huchapwa vema ikiwa picha yako ina nukta 3508 kwa 4961. Picha uliyoinasa kwenye kioo cha simu haitafika hapo, kwa hiyo irudie kanuni katika uwanja mkubwa kwa mbegu ile ile. Jua pia kwamba kijani na buluu zinazowaka kiooni hufifia katika wino, na uombe kipande cha majaribio kabla ya kulipa kazi nzima. Lakini soko lililo karibu zaidi liko mtaani mwako: geti, dirisha la nondo, mlango, kichwa cha kitanda. Mpelekee fundi mchoro wa mistari mitupu usio na vivuli, umwulize ni mkunjo gani nondo yake haiwezi kuufuata, nawe uurudie mchoro uandike sharti lake ndani ya kanuni. Ama habari za mwaka 2021, picha moja ya kidijitali ilipouzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 69 na vijana kila mahali wakakimbilia soko lile, sizikatai, ila soko hilo lilianguka mwaka uliofuata, na mwenye geti anayelipa nusu kabla na nusu baada ni mteja wa hakika zaidi.

Limebaki suala la nakala, ambalo wanunuzi watakuuliza kwa haki, maana wanajua mashine yaweza kurudia. Amua idadi kabla ya kuuza nakala ya kwanza, tano au ishirini, uiandike nyuma ya kila karatasi pamoja na mbegu, tarehe na sahihi yako. Na akija wa ishirini na moja akililia ile ile iliyo kwa jirani yake, mwambie hiyo imekwisha, kisha badili mbegu mbele ya macho yake umchapie nyingine ya kanuni hiyo hiyo, ambayo jirani hana.